Kinga ya meno: kutoka ulingo wa London hadi Ghala

Ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani. Kilichekwa, kikakataliwa ulingoni, kisha kikawa sharti. Makala yetu ya historia inakifuata kutoka London ya mwaka 1890 hadi mtaa mmoja wa maghala nchini Oman.

Ukitoka uwanja wa ndege wa Muscat kuelekea mjini, mkono wako wa kulia, upande wa milima isiyo na mti, utalipita eneo liitwalo Ghala. Kwa sikio la Mswahili jina hilo ni kama limechaguliwa makusudi, maana eneo limejaa maghala: ya vipuri vya magari, ya mabomba, ya marumaru, ya viyoyozi. Watu wengi wanaokwenda huko hupeleka gari kwa fundi. Mimi, msikilizaji, nilikwenda kutazama meno.

Juu ya duka moja la viyoyozi kuna karakana ya fundi wa meno, chumba kimoja chenye harufu ya plasta na nta. Hapo nilimkuta mzee mwenye asili ya Unguja, ambaye ameniomba nisilitaje jina lake. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, bakora yake imeegemea ukuta, akimsubiri mjukuu wake wa miaka 14. Kijana huyo anacheza mpira wa magongo, na kocha wake amekataa kumwingiza uwanjani mpaka awe na kinga ya meno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umeleta meno?"

Alicheka, na alipocheka nikaliona jino la dhahabu, la mbele, safu ya juu. Katika pwani yetu jino la dhahabu limekuwa pambo tangu zama za mababu, nami nilidhani ni hilo. Akanisahihisha. Jino lake la asili lilibaki Unguja, kwenye ulingo wa ngumi, kabla ya mwaka 1964, alipokuwa kijana aliyemzidi mjukuu wake miaka michache tu.

"Siye tulikuwa tukiuma kitambaa," alisema. "Unakikunja hivi, unakiuma. Konde likija, kitambaa kinakwenda zake, na jino linakwenda zake."

Huo ndio mwanzo hasa wa historia ninayotaka kukusimulia, kwa sababu mabondia wa Ulaya na Marekani nao walianza hivyo hivyo.

Utomvu wa mti

Kanuni za Marquess wa Queensberry za mwaka 1867 ziliwavisha mabondia glovu, na glovu zikailinda zaidi mikono ya anayepiga kuliko uso wa anayepigwa. Mdomo wa bondia ulibaki umebanwa baina ya ngumi iliyo mbele na meno yaliyo nyuma. Kwa hiyo kilichowasumbua wapiganaji wa zama hizo kilikuwa midomo kabla ya meno: midomo iliyochanika kwa makali ya meno ya mwenyewe, damu isiyokatika, pambano linalosimamishwa. Wakajaribu pamba, wakajaribu utepe, wakajaribu sifongo na hata vipande vidogo vya mti, vyote vikishikiliwa kwa kuumwa.

Ubaya wa kitu cha kuumwa unaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupigana. Ukikikaza, huwezi kuhema vizuri. Ukifumbua kinywa upate pumzi, kimeanguka. Na bondia anayefikiria kilichomo kinywani mwake hafikirii konde linalokuja.

Mwaka 1890 daktari wa meno wa London, Woolf Krause, alianza kuwawekea mabondia vipande vya gutapecha juu ya meno ya mbele kabla hawajapanda ulingoni. Gutapecha ni utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Ukitiwa katika maji ya moto unalainika kama ugali, ukipoa unakuwa mgumu na kushika umbo ulilopewa. Hadi leo madaktari wa meno wanautumia kujazia mizizi ya meno.

Hapa naomba ruhusa ya kuchepuka kidogo. Utomvu huo huo ndio uliotumika kuzifunika waya za simu za maandishi zilizolazwa chini ya bahari, kwa kuwa maji ya chumvi hayauharibu. Mwaka 1879 waya wa namna hiyo ulipitishwa kutoka Aden hadi Zanzibar, na kuendelea Msumbiji hadi Durban. Kwa maneno mengine, gutapecha ilifika katika bahari ya Unguja miaka 11 kabla haijaingia katika kinywa cha bondia wa London. Ilifika kulinda habari za biashara na za dola. Kulinda jino la kijana wa Ng'ambo halikuwa wazo la mtu yeyote.

Bondia aliyevuliwa kinga

Vipande vya Krause mkubwa vilikuwa vya kubandikwa. Mwanawe, Philip Krause, ambaye naye alikuwa daktari wa meno na bondia wa ridhaa, ndiye aliyetengeneza kinga ya mpira inayoweza kutolewa, kuoshwa na kuvaliwa tena. Mtu wa kwanza mashuhuri kuivaa alikuwa rafiki yake, kijana wa Kiyahudi kutoka mitaa ya makabwela ya mashariki ya London, aliyezaliwa kwa jina la Gershon Mendeloff. Ulimwengu wa ngumi unamkumbuka kwa jina la Ted "Kid" Lewis.

Tarehe 31 Agosti 1915, mjini Boston, Lewis alimshinda Mmarekani Jack Britton na kutwaa ubingwa wa dunia wa uzani wa welta. Watu hao wawili walikuja kupigana mara 20 katika maisha yao, idadi ambayo bondia wa leo hawezi hata kuiwazia. Lakini pambano linalotuhusu sisi ni la tarehe 7 Februari 1921, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Meneja wa Britton, Dan Morgan, alipinga. Alidai kwamba kitu kilichomo kinywani mwa Lewis ni kifaa haramu, kwamba sheria haikukiruhusu, na kwamba kinampa faida isiyo ya haki. Waamuzi wakakubaliana naye. Lewis akaitoa kinga yake, akapigana na meno matupu, akashindwa kwa pointi.

Naomba ulitafakari dai hilo, msikilizaji, kwa sababu limezaa mengi. Morgan hakusema kwamba kinga inamdhuru Britton. Alisema kwamba si haki Lewis asidhurike. Maumivu yalihesabiwa kuwa sehemu ya bei ya mchezo, na anayekwepa kulipa ni mdanganyifu. Waliokuwa wakisema hivyo, ni vyema tukumbuke, walikuwa wamekaa nje ya kamba.

Msimamo huo ulidumu hadi mwaka 1927. Tarehe 3 Machi, katika ukumbi mwingine wa New York wenye jina lile lile, Mike McTigue alikuwa akiongoza kwa pointi dhidi ya Jack Sharkey. Katika raundi ya 12 jino lililovunjika likamchana mdomo vibaya mno, damu ikawa haizuiliki, na pambano likasimamishwa. McTigue alishindwa pambano alilokuwa akilishinda, na aliyemshinda, ukiangalia kwa makini, lilikuwa jino lake mwenyewe. Tangu hapo kinga ikaruhusiwa ulingoni, na haukupita muda mrefu ikawa jambo la kawaida.

Ndondi hazikusita tena. Michezo mingine ilichelewa. Katika futiboli ya Kimarekani, mchezo wa kugongana vichwa na mabega, wachezaji waliendelea kutema meno kwa miongo miwili zaidi. Mwaka 1947 daktari wa meno wa Los Angeles, Rodney Lilyquist, alitengeneza kinga nyembamba ya plastiki ang'avu, isiyoonekana kwa mbali. Nadhani kutoonekana kwake ndiko kulikoifanya ikubalike: mchezaji angeweza kujilinda bila mtazamaji kujua kwamba amejilinda. Mwaka 1960 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilipendekeza kinga katika michezo yote ya kugusana, na mwaka 1962 ikawa sharti kwa wachezaji wa futiboli wa shule za sekondari nchini humo. Vyuo vikuu vilifuata mwaka 1973.

Ngumi zetu

Afrika Mashariki ilizipokea ndondi kupitia kambi za jeshi, vituo vya polisi na shule. Jeshi la Waingereza la King's African Rifles lilizitumia kuwapa askari mazoezi na kuchagua majogoo. Idi Amin, kabla ulimwengu haujamjua kwa mengine, alikuwa bingwa wa Uganda wa uzani wa kati mzito tangu mwaka 1951 hadi 1960.

Baada ya uhuru mbegu hiyo ilizaa. Titus Simba wa Tanzania alirudi na medali ya fedha kutoka michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970. Philip Waruinge wa Kenya alipata shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na huko huko akatunukiwa kombe la Val Barker, linalopewa bondia mwenye ufundi kuliko wote. Miaka minne baadaye, mjini Munich, akachukua fedha. Leo Rwabwogo wa Uganda alipanda jukwaani katika Olimpiki hizo hizo mbili. Na mwaka 1988, mjini Seoul, Robert Wangila wa Kenya alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani na kuleta dhahabu.

Katika ngazi hiyo ya kimataifa kinga ya meno ilikuwa lazima. Chini yake mambo yalikuwa mengine. Kijana wa klabu ya mtaani alianza na kitambaa, au na kinga ya kuazima iliyopita katika vinywa vya watu watano jioni moja, au bila chochote. Katika klabu nyingi za Dar es Salaam wanaiita gamshildi, neno lililotoka kwa Waingereza pamoja na kifaa chenyewe. Neno limeenea kuliko kifaa.

Jina la Wangila linanilazimisha kusema jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Bingwa huyo wa Seoul alifariki dunia Las Vegas mwezi Julai 1994, baada ya kipigo katika pambano la ngumi za kulipwa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Kinga ya meno hulinda meno, midomo, ulimi na, kwa kiasi, taya. Ubongo unaotikisika ndani ya fuvu haulindwi na plastiki iliyo kinywani, au tuseme utafiti haujathibitisha kwamba unalindwa. Hata taya lina mipaka: tarehe 31 Machi 1973, mjini San Diego, Ken Norton alimvunja Muhammad Ali taya, na Ali hakuwa mtu wa kupanda ulingoni bila kinga. Anayemwambia mzazi kwamba kifaa hiki kitamkinga mwanawe na mtikisiko wa ubongo anamuuzia matumaini.

Miaka 58 ya ukimya

Unguja ilichukua njia yake yenyewe. Baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Rais wa kwanza, Sheikh Abeid Amani Karume, alipiga marufuku mchezo wa ngumi. Mwaka mmoja ulikula vyote viwili: dola ya zamani na ulingo wa vijana. Wakati Waruinge anapanda jukwaani Mexico, na Simba Edinburgh, kijana wa Kikwajuni aliyetaka kupigana hakuwa na budi kuvuka bahari kwenda bara.

Marufuku hayo yalidumu miaka 58. Serikali ya Rais Hussein Ali Mwinyi iliyaondoa mwaka 2022, na mwaka huo huo mapambano ya ngumi yakarudi visiwani. Sitaki kuingia katika hoja ya kama Karume alikosea au alipatia. Wapo madaktari wa ubongo ambao wangempa mkono. Ninalolisema ni kwamba katika kipindi hicho chote, ambapo kwingineko sheria zilikuwa zikiandikwa, makocha wakifundishwa na kinga zikishuka bei, Unguja haikuwa na mchezo wa kuwekewa sheria. Mlango ulipofunguliwa vijana waliingia na hamu iliyolimbikizwa na vizazi viwili. Hamu haiji na vifaa.

Mzee wangu wa Ghala aliondoka kisiwani akiwa kijana. Kama wengi wa asili yake, alifika Oman baada ya mwaka 1970, pale Sultan Qaboos bin Said alipowaita Waomani wa ng'ambo warudi kuijenga nchi. Ulingo aliuacha nyuma pamoja na jino. Dhahabu ilitiwa baadaye, hapa hapa Muscat, kwa mshahara wake wa kwanza wa maana.

"Mke wangu alidhani ni tajiri anayemposa," alisema.

Gongo na mpira mgumu

Waomani wanaupenda mpira wa magongo. Ghala iko katika wilaya ya Bausher, na si mbali na hapo upo uwanja mkuu wa michezo wa Sultan Qaboos, ambako mwaka 2018 yalichezwa mashindano ya mabingwa wa Asia. Fainali ya India na Pakistan haikuchezwa kwa sababu ya mvua, na timu zote mbili zikatangazwa washindi. Mvua, Muscat! Wenyeji wanaisimulia hadi leo. Mwezi Januari 2024 mji huo uliandaa Kombe la Dunia la magongo ya wachezaji watano kwa kila upande, na Kenya ilikuwemo miongoni mwa timu za wanaume. Uholanzi ndiyo iliyoondoka na vikombe vyote viwili, cha wanaume na cha wanawake.

Mpira wa magongo ni mgumu kama jiwe la mtoni. Una uzito wa gramu 156 hadi 163, na ukipanda kutoka ardhini hauchagui pa kutua. Kanuni za shirikisho la kimataifa zinapendekeza mchezaji avae kinga ya kinywa; hazimlazimishi. Neno hilo, kupendekeza, lina historia ndefu katika michezo, na si historia njema.

New Zealand inatuonyesha tofauti yake. Raga ni kama dini ya pili huko, na kwa miaka mingi kinga ilikuwa jambo la hiari. Mwaka 1997 ikawa lazima kwa vijana wa chini ya miaka 19, na mwaka uliofuata kwa wote. Nchi hiyo ina mfuko wa umma unaolipia matibabu ya ajali, kwa hiyo hesabu zipo: baina ya mwaka 1995 na 2003, madai ya matibabu ya meno yaliyotokana na raga yalipungua kwa asilimia 43. Wachezaji walikuwa wale wale, migongano ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mwamuzi alipewa mamlaka ya kumtoa uwanjani asiyevaa.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kwamba mchezaji asiye na kinga anakabiliwa na hatari ya kuumia kinywa na uso mara 1.6 hadi 1.9 zaidi ya aliye nayo. Na tangu mwaka 2024 raga ya ngazi ya juu inatumia kinga zenye vipimo ndani yake, zinazowaarifu madaktari kando ya uwanja kila kichwa kinapopata mshtuko mkubwa. Haziuzuii mshtuko. Zinautolea habari tu, na hilo nalo ni jambo.

Mezani pa fundi

Narudi Ghala. Fundi, kijana kutoka India, alikuwa ameshachukua umbo la meno ya mjukuu kwa uji mzito unaoganda kinywani kwa dakika chache. Ndani ya umbo hilo alimimina plasta, akapata sanamu ya safu ya juu ya meno, nyeupe, kila jino mahali pake. Akalaza juu yake bamba la plastiki laini, mashine ikalichemsha na kulinyonya chini mpaka likaishika sanamu kama ngozi. Akalikata kingo kwa mkasi, akazilainisha kwa jiwe dogo linalozunguka. Kazi yote haikuchukua saa moja.

Kazi ya plastiki hiyo inafahamika kwa mfano wa godoro. Pigo ambalo lingelitua lote juu ya jino moja linatawanyika juu ya safu nzima, na nguvu yake nyingine inamezwa na ulaini. Inayatenga pia meno ya juu na ya chini yasigongane, na inaweka ukuta baina ya meno na midomo. Zipo za aina tatu. Iliyo tayari dukani huvaliwa kama ilivyo, nayo ni dhaifu kuliko zote kwa kuwa haimshiki mtu yeyote sawasawa; inarudi kuwa kitambaa cha kuumwa. Ya pili hulainishwa kwa maji ya moto na kuumwa mpaka ifuate meno ya mvaaji. Ya tatu ni hii ya kupimiwa. Bei zinapanda kwa mpangilio huo huo.

Mjukuu aliivaa, akajitazama katika kioo, akanuna. Kwa Kiarabu alimwambia babu yake kwamba wenzake watamcheka, anaonekana kama nyani. Babu akamjibu kwa Kiswahili, lugha ambayo kijana anaielewa ingawa haisemi:

"Wacha wakucheke. Mimi nilichekwa miaka kumi na pengo."

Fundi, ambaye hakuelewa neno, aliongeza onyo lake mwenyewe: asiiache garini. Plastiki hii huumbwa kwa joto, na joto hilo hilo huiumbua. Katika mji ambao kiangazi kinapita nyuzi 40, kinga iliyosahauliwa juu ya dashibodi alasiri moja hupinda, na iliyopinda haivaliki tena. Ioshwe kwa maji baridi, ihifadhiwe katika kijaluba chake chenye matundu.

Nilimuuliza daktari mmoja wa meno mjini Muscat nini kifanyike kinga isipokuwepo na jino likang'oka. Majibu yake yanafaa kuandikwa ukutani mwa kila klabu. Jino la ukubwani liokotwe kwa kushikwa kichwani, kamwe si kwenye mzizi. Lisisuguliwe. Lisuuzwe kwa sekunde chache tu, kisha lirudishwe katika tundu lake na kushikiliwa kwa kuuma kitambaa safi. Kama haliwezekani kurudishwa, litiwe katika maziwa. Daktari aonwe ndani ya nusu saa ikiwezekana. Kila dakika inayopita inapunguza uwezekano wa jino kushika tena. Jino la utoto halirudishwi. Mzee alisikiliza nilipomsimulia, akatikisa kichwa. La kwake, alisema, lilifagiliwa.

Tulikuwa tunajiandaa kuondoka alipomgeukia fundi na kumuuliza, kwa Kihindi chake cha sokoni, kama anaweza kutengeneza nyingine. Si ya huyu kijana. Ana mjukuu wa nduguye huko Unguja, miaka 17, ameanza ngumi tangu ziliporuhusiwa, na anauma kitambaa. Anaweza kuleta vipimo vya kinywa kwa simu, upana hivi, urefu hivi.

Fundi alicheka kwa upole. Vipimo havitoshi. Kinga ya kupimiwa inataka kinywa chenyewe kije mezani, na hicho kiko ng'ambo ya bahari.

Basi tukaenda duka la vifaa vya michezo, mzee akanunua ile ya maji ya moto, mbili, moja ya akiba. Maelezo yaliyokuwa ndani ya boksi yalikuwa ya Kiingereza na Kichina. Akaniambia, wewe si mtu wa redio, basi niandikie. Nikaketi ndani ya gari lake, kiyoyozi kikivuma, nikaandika kwa Kiswahili nyuma ya risiti:

Chemsha maji, yaipue, yaache kidogo. Tumbukiza kwa muda ulioandikwa kwenye boksi, usizidishe. Itoe, ichovye haraka katika maji baridi isikuunguze. Iweke meno ya juu. Uma, huku unanyonya hewa na kubana midomo kwa vidole kutoka nje. Ukifungua kinywa ikaanguka, rudia. Usiiache juani.

Mzee alisoma polepole, karatasi imeshikwa mbali na macho. Kuna mtu wa kwao anasafiri kwenda Unguja Alhamisi, angeipeleka.

"Ongeza na hili," alisema. "Asimwazime mtu."